Somo la Wiki: Kufunga hesabu za biashara katika kompyuta ya familia

SINGIDA. Mfanyabiashara anayenunua alizeti Ikungi, Iramba au Mkalama na kuipeleka kwenye mashine za kukamua mafuta mjini hulinda mambo matatu: fedha, mzigo na bei. Fedha huwekwa benki au kwenye simu. Mzigo hufungiwa ghalani na kuwekewa mlinzi. Lakini bei, pamoja na majina ya wakulima wanaomuuzia, madeni ya wateja na faida anayoipata kwa kila gunia, siku hizi huandikwa katika kompyuta iliyoko sebuleni, ambayo haina mlinzi wala kufuli.

Kompyuta hiyo mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima. Asubuhi mwenye biashara huingiza manunuzi ya jana. Mchana msaidizi wa duka huja kuchapa hati ya madai. Jioni mtoto wa kidato cha nne hufanyia mazoezi ya shule, na usiku mpwa anayetafuta ajira huandikia barua za maombi na kutazamia filamu. Wote hawa huingia kwa mlango mmoja, hukuta mezani mambo yale yale, na kila mmoja ana uwezo wa kufungua, kubadili au kufuta chochote alichokiandika mwenzake.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kuzifunga folda za biashara katika kompyuta ya namna hiyo bila kuwafukuza wengine wasiitumie. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wala fedha nyingi. Inahitaji mwenye mali aelewe tofauti kati ya kuficha, kufunga na kusimba, na kabla ya yote aamue ufunguo wa akiba utakaa kwa nani.

HASARA ZA AINA TATU

Hasara ya kwanza ni taarifa kuonekana na asiyehusika. Mji wa Singida uko njia panda ya barabara za Dodoma, Mwanza na Arusha, na Soko la Kimataifa la Vitunguu la Misuna huwavuta wanunuzi kutoka mbali. Katika masoko ya aina hiyo, tofauti ya shilingi chache kwa kilo ndiyo riziki ya mchuuzi. Mshindani akijua mchuuzi amenunua kwa bei gani na mkopo wake unadaiwa lini, atajua pia kwamba mchuuzi huyo hawezi kusubiri, naye atakaa kimya mpaka tarehe ikaribie ndipo ataje bei. Habari kama hiyo haihitaji mwizi ili itoke. Inatosha kijana mmoja wa nyumbani aione kwenye kioo na kuisimulia kijiweni.

Hasara ya pili ni taarifa kubadilishwa. Si lazima abadilishe mtu mwenye nia mbaya. Mtoto anayejifunza Excel anaweza kufungua daftari la madeni, akafuta safu moja na kuhifadhi bila kujua alichokifanya. Tuchukue mfano wa mchuuzi mwenye wateja 60 wa mkopo, kila mmoja akidaiwa wastani wa sh. 150,000. Faili moja linabeba sh. 9,000,000. Wateja watano wakipotea katika orodha, sh. 750,000 zimepotea, na mwenye biashara hatagundua mpaka atakapojiuliza kwa nini mtaji umepungua ilhali mauzo yanakwenda vizuri.

Hasara ya tatu ni taarifa kufutika kabisa, ama kwa mkono wa mtu, ama kwa virusi vilivyoingia na flashi ya jirani, ama kwa diski kuharibika baada ya umeme kukatika mara kwa mara.

Msomaji azingatie kwamba dawa ya hasara hizi si moja. Kufunga folda huzuia hasara ya kwanza na hupunguza ya pili. Hasara ya tatu haina dawa nyingine zaidi ya kuwa na nakala, na hilo litaelezwa mbele.

KUFICHA SI KUFUNGA

Njia inayotumiwa na wengi ni kuficha. Folda ya biashara hupewa jina la uongo, kwa mfano "Picha za zamani", au huwekwa ndani ya folda nyingine saba, au huwekewa alama ya kutoonekana. Njia hii humzuia asiyetafuta. Anayetafuta haimzuii hata dakika moja, kwa sababu Windows ina chaguo la kuonyesha vyote vilivyofichwa, na kisanduku cha kutafutia kinaweza kulipata faili kwa neno lililomo ndani yake. Isitoshe, Excel yenyewe huweka orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Mtoto akifungua Excel kwa kazi ya shule, jina la daftari la madeni linamkabili juu kabisa ya orodha.

Hali kadhalika, kuna wanaotumia chaguo la Excel la kuzuia karatasi ya hesabu isibadilishwe, "Protect Sheet", wakidhani wamefunga faili. Chaguo hilo limewekwa ili mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya. Namba zote zinaendelea kusomeka kwa yeyote anayelifungua.

Mazoea haya yana asili yake. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1990, zilizotumia Windows 95, ziliuliza neno la siri mtu alipoziwasha, lakini aliyebonyeza kitufe cha Esc aliingia bila kujibu. Neno la siri la mashine zile lilikuwa la kupanga mapambo ya kila mtumiaji, halikuwa kufuli. Wengi waliojifunza kompyuta wakati ule walibaki na imani kwamba kompyuta ya nyumbani haifungiki. Mambo yamebadilika tangu Windows XP ilipotoka mwaka 2001, lakini mazoea hayakubadilika.

KILA MTU NA MLANGO WAKE

Hatua ya kwanza ya kufunga kwa kweli ni kumpa kila mtumiaji akaunti yake na neno lake la siri. Katika Windows 10 na Windows 11 kazi hii hufanyika kwenye "Settings", kisha "Accounts". Akaunti ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya msimamizi, ambaye anaweza kuingiza programu, kufungua akaunti mpya na kufungua folda za wengine. Ya pili ni ya mtumiaji wa kawaida, ambaye hutumia programu zilizopo na kutunza mafaili yake tu.

Mpango unaofaa nyumba yenye biashara ni huu. Iwepo akaunti moja ya msimamizi, yenye neno la siri analolijua mwenye biashara peke yake, itumike wakati wa kuingiza programu au kurekebisha mitambo tu. Mwenye biashara awe na akaunti yake ya kila siku, ya mtumiaji wa kawaida. Mtoto, mpwa na msaidizi wa duka kila mmoja awe na akaunti ya kawaida. Mgeni asipewe akaunti ya mtu yeyote; afunguliwe ya wageni.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Folda za nyaraka na picha zilizo ndani ya akaunti moja hazifunguki kwa mtumiaji wa kawaida wa akaunti nyingine. Aidha, virusi vikiingia kupitia akaunti ya mtoto, kwa kawaida huishia kwenye mafaili anayoyafikia mtoto. Katika nyumba ambayo wote hutumia akaunti moja ya msimamizi, virusi hivyo hivyo hukuta milango yote iko wazi.

Hapa kuna makosa mawili yanayorudiwa sana. La kwanza ni kuweka folda ya biashara nje ya akaunti, kwa mfano katika sehemu ya diski iitwayo D. Sehemu hiyo kwa kawaida iko wazi kwa watumiaji wote wa kompyuta, hata kama kila mmoja ana neno lake la siri. Folda ya biashara ikae ndani ya nyaraka za akaunti ya mwenye biashara. La pili ni kuinuka kwenda kupokea mzigo nje na kuiacha akaunti wazi. Kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na herufi L, kioo hufungwa papo hapo. Mazoea hayo ni sawa na kufunga droo ya fedha kabla ya kwenda kumhudumia mteja wa nje.

Wale wanaotumia kompyuta kuukuu wazingatie pia kwamba Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopokea marekebisho ya usalama hudhoofika kila mwezi, na kufuli la mlango hudhoofika pamoja nayo.

MLANGO UNAPOVUNJWA

Akaunti na neno la siri ni mlango, na mlango hulindwa na Windows yenyewe. Mtu akiichomoa diski na kuipachika katika kompyuta nyingine, au akiiwasha mashine kwa mfumo mwingine uliomo kwenye flashi, Windows ya ndani haipo kazini na mlango haupo. Kompyuta ya mkononi ikiibwa ndani ya basi la Dodoma, ndivyo itakavyokuwa.

Dawa yake ni kusimba, yaani kugeuza maandishi yote kuwa fumbo lisilosomeka mpaka neno la siri litolewe. Kwa kusimba, mwizi hubaki na kompyuta bila hesabu. Njia zilizopo ni nne.

Njia ya kwanza ni kusimba faili moja moja kwa kutumia Word au Excel. Mtumiaji hufungua faili, huingia sehemu ya "File", kisha "Info", na kuchagua "Encrypt with Password". Tangu toleo la mwaka 2007, programu hizi hutumia usimbaji imara. Mafaili ya muundo wa zamani, yanayoishia na herufi xls au doc bila x ya mwisho, ulinzi wake ni dhaifu, hivyo yahifadhiwe upya katika muundo mpya kwanza.

Njia ya pili ni programu ya bure iitwayo 7-Zip, ambayo hukusanya mafaili mengi katika furushi moja na kulisimba. Inafaa kwa hesabu za miaka iliyopita ambazo hazifunguliwi kila siku. Kasoro yake ni kwamba faili likitolewa ndani ya furushi ili lisomwe, nakala iliyo wazi inaweza kubaki nje. Mtumiaji ahakikishe ameifuta, pamoja na ile iliyobaki kwenye pipa la taka.

Njia ya tatu ni VeraCrypt, programu nyingine ya bure, iliyoanza mwaka 2013 na kurithi kazi ya TrueCrypt iliyosimama mwaka 2014. Hii hutengeneza kasha ambalo likifunguliwa huonekana kama diski ya ziada, na likifungwa ni faili moja lisiloeleweka. Mwenye mafaili mengi ya biashara atafaidika nayo kuliko kusimba moja moja.

Njia ya nne ni kusimba diski nzima. Windows za toleo la Pro zina BitLocker kwa kazi hiyo, na kompyuta za Apple zina FileVault. BitLocker kamili haimo katika toleo la Home, ingawa baadhi ya mashine mpya za toleo hilo huja na usimbaji wa diski ulio rahisi zaidi. Msomaji aelewe kwamba kusimba diski nzima humzuia mwizi aliyeiba mashine iliyozimwa. Hakumzuii mtu wa nyumbani ambaye mashine imekwisha kuwashwa mbele yake. Kwa huyo, akaunti tofauti bado zinahitajika.

Kwa mchuuzi mdogo mwenye mafaili matatu au manne ya maana, yaani manunuzi, madeni, benki na mikataba, njia ya kwanza inatosha kuanzia.

NENO LA SIRI LINALOFAA

Kufuli zote hizi ni imara kadiri ya neno lake la siri. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na kompyuta huzijaribu zote kwa muda mfupi sana. Mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu au jina la mtoto wa kwanza ni mambo anayoyajua kila mtu wa nyumbani, na hao ndio hasa wanaolengwa na kufuli hili.

Njia rahisi ni kuunganisha maneno manne yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kura na si kwa kupenda. Mtu akiandika maneno 2,000 ya kawaida na kuchomoa manne bila kutazama, michanganyiko inayowezekana inafikia trilioni 16. Maneno manne hukaririka kwa siku mbili. Methali au mstari wa wimbo haufai, kwa kuwa upo vichwani mwa watu tayari.

UFUNGUO WA AKIBA

Hapa ndipo wengi huumia, na mfano mzuri unatoka kwa watengenezaji wa Windows wenyewe. Julai 2006 kampuni ya Microsoft ilitoa bure programu ndogo iliyoitwa Private Folder kwa wenye Windows XP. Ilimwezesha mtumiaji kuwa na folda moja yenye neno la siri, hata kama kompyuta inatumiwa na wengine. Ilikuwa ndiyo dawa iliyoombwa na wengi. Haikudumu wiki mbili, kampuni iliiondoa. Mafundi wa kompyuta wa makampuni walilalamika kwamba mfanyakazi akisahau neno la siri, au akiondoka kazini, hakuna atakayeweza kuifungua folda hiyo, na mali ya kampuni itakuwa imefungiwa ndani.

Malalamiko hayo yanaihusu nyumba ya mfanyabiashara wa Singida zaidi hata kuliko kampuni ya Marekani. Kampuni ina mhasibu wa pili na nakala za benki. Katika biashara ya mtu mmoja, kumbukumbu zote ziko katika kichwa kimoja na kompyuta moja. Mwenye biashara akiugua ghafla au akifariki dunia, wadeni hawatajitokeza wenyewe kusema wanadaiwa, wakati wadai watafika kabla ya matanga kuanuliwa. Msimamizi wa mirathi atatakiwa aonyeshe mali na madeni ya marehemu, naye atakuwa anatazama kioo kinachodai maneno manne asiyoyajua. Kusimba kulikokusudiwa kuwazuia wambea kutakuwa kumewadhulumu mjane na watoto.

Kwa mwekezaji mdogo jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo Aprili 1998, na hasa tangu mifuko ya pamoja ya UTT ianze na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, wananchi wengi wasio matajiri wamekuwa wawekezaji. Umiliki wao umo katika kumbukumbu za kielektroniki. Mara nyingi hakuna karatasi ambayo familia itaikuta sandukuni. Ikiwa namba za akaunti zimo katika faili lililosimbwa na hakuna mwingine anayejua kwamba uwekezaji huo upo, fedha hukaa bila mwenyewe.

Kwa sababu hiyo ufunguo wa akiba si jambo la hiari. Neno la siri liandikwe kwa mkono, litiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe na kusainiwa juu ya gundi, kisha ikabidhiwe kwa mtu mmoja: wakili, au mzee wa ukoo anayeaminika ambaye haitumii kompyuta hiyo. Bahasha ya pili isiyo na siri yoyote ikae nyumbani. Ndani yake iandikwe tu kwamba kuna hisa, kuna akaunti benki fulani, kuna daftari la madeni ndani ya kompyuta, na kwamba ufunguo uko kwa fulani. Kila neno la siri linapobadilishwa, bahasha ya kwanza ibadilishwe siku hiyo hiyo.

FLASHI NA FUNDI

Ulinzi wa akaunti hausafiri na faili. Faili likinakiliwa kwenye flashi ya kawaida, kufuli la akaunti hubaki kwenye kompyuta na faili huenda wazi. Mwenye biashara anayepeleka orodha ya bei kuchapishwa kwenye duka la steshenari huacha nakala katika kompyuta ya duka hilo mara nyingi bila kujua. Faili lililosimbwa lenyewe, kwa Excel, 7-Zip au VeraCrypt, husafiri pamoja na kufuli lake. Hivyo nakala zote za akiba kwenye flashi ziwe za mafaili yaliyosimbwa.

Nakala zenyewe ziwe mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae mbali na nyumba, kwa mfano ghalani au kwa ndugu, kwa sababu moto au mwizi hatachagua kuchukua kompyuta na kuacha flashi iliyo kando yake. Zisasishwe kila wiki wakati wa msimu, na flashi isiachwe imechomekwa, maana virusi vinavyosimba mafaili ili kudai fedha huifikia flashi iliyochomekwa kama vinavyoifikia diski.

Fundi naye ni mgeni anayepewa nyumba yote. Mwaka 2008 msanii Edison Chen wa Hong Kong aliaibika baada ya picha zake za faragha kusambaa. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka kompyuta aliyoipeleka kutengenezwa. Fundi aliyehusika alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata, lakini hukumu haikuzirudisha picha. Funzo lake ni kwamba folda hufungwa kabla ya kompyuta kuharibika. Mashine iliyokataa kuwaka haimpi mwenyewe nafasi ya kufunga chochote. Anayepeleka kompyuta kwa fundi aombe kutoa diski kwanza ikiwa tatizo ni la kioo, chaji au kibodi. Anayeiuza kompyuta kuukuu akumbuke kwamba kufuta faili hakuliondoi mara moja kwenye diski.

MLANGO WA NYUMA

Folda inaweza kufungwa vizuri na taarifa zile zile zikabaki wazi kwingine. Programu ya kuvinjari intaneti ikikubaliwa kuhifadhi maneno ya siri, yeyote aliye ndani ya akaunti hiyo ataingia katika barua pepe ambamo benki hutuma taarifa za hesabu kila mwezi. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta huendelea kuonyesha mazungumzo ya bei na wateja hata mwenye simu akiwa Manyoni. Katika simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa huonyesha kompyuta zote zilizo wazi, na hapo hapo huweza kukatwa. Ukaguzi huu ufanywe mara moja kwa mwezi.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kuwa kosa la jinai kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila haki. Hata hivyo, ni vigumu kumlaumu mtu kwa kuingia mahali ambapo hapakuwa na mlango. Akaunti tofauti zinaonyesha wazi nani aliruhusiwa wapi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini mahakama katika kuzipima huangalia zilivyotunzwa na kama uhalisi wake umelindwa. Daftari la madeni ambalo watu sita wangeweza kulibadilisha ni rahisi kwa mdaiwa kulipinga. Lililofungwa na kusimamiwa na mtu mmoja lina uzito zaidi.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na waziwekee taarifa hizo ulinzi. Mhazini wa kikundi cha kukopeshana, au wakala anayetunza nakala za vitambulisho vya wateja katika kompyuta ya nyumbani, ameshika siri za watu wengine. Kwake yeye kufunga folda si suala la faida yake peke yake.

Vilevile, sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Neno la siri lililosahauliwa mwaka wa pili si jibu kwa afisa wa TRA.

KUFUNGA BILA KUVUNJA NYUMBA

Jambo la mwisho si la mitambo. Folda iliyofungwa kimya kimya, ikigunduliwa, huleta maswali ambayo hayahusu alizeti. Mke atauliza kinachofichwa, mume atauliza vivyo hivyo, na kijana atachukulia kufuli kuwa changamoto ya kulivunja. Inafaa mwenye biashara awatangazie wote siku anayofungua akaunti mpya: kila mtu amepewa chumba chake katika kompyuta, hata mtoto ana faragha yake, na hesabu za biashara zimefungwa kama droo ya fedha inavyofungwa. Ikiwa biashara ni ya mume na mke pamoja, wote wawili walijue neno la siri, na bahasha iandikwe kwa ajili ya siku ambayo hakuna hata mmoja wao atakayekuwepo.

Kwa muhtasari, kazi ya wiki hii inaweza kupangwa hivi. Siku ya kwanza, nakala ya mafaili yote ichukuliwe kwenye flashi mbili kabla ya kugusa chochote. Siku ya pili, akaunti zifunguliwe na folda ya biashara ihamishwe ndani ya akaunti ya mwenye biashara. Siku ya tatu, neno la siri la maneno manne lichaguliwe kwa kura na likaririwe. Siku ya nne, mafaili ya maana yasimbwe, yafungwe na kufunguliwa tena mara mbili ili kuhakikisha neno la siri linafanya kazi. Siku ya tano, nakala zilizo wazi kwenye flashi zifutwe, nafasi yake ichukuliwe na zilizosimbwa, na flashi moja iondoke nyumbani. Siku ya sita, bahasha ikabidhiwe. Asiyekuwa na mtu wa kumkabidhi bahasha asisimbe kwanza; atumie akaunti na nakala, na wakati huo huo amtafute mtu huyo.